Orodha Funge katika Skima ya Data na Jinsi ya Kuifundisha

1. Utangulizi

Kabla ya kwenda katika mazoezi ya kufundisha, wanachuo wa darasa langu walipewa kazi fupi. Kila mmoja alipokea karatasi yenye habari za mwanafunzi wa kubuni anayeishi kata ya Masuguru, mjini Korogwe, akatakiwa kujaza nafasi moja tu: "Halmashauri". Kazi hiyo ilichukua muda usiozidi dakika mbili. Karatasi zilipokusanywa na majibu kuandikwa ubaoni, tulipata haya: Korogwe, Korogwe Mji, Korogwe mjini, Mji wa Korogwe, Halm. ya Mji Korogwe, KOROGWE TC.

Wanachuo walicheka, kwa kuwa kila mmoja alidhani jibu lake ndilo jibu la wote. Mtu anayesoma majibu hayo ataelewa kwamba karibu yote yanataja mahali pamoja. Kompyuta haielewi hivyo. Kwayo, maandishi yanayotofautiana hata kwa herufi moja ni vitu viwili tofauti. Ikiambiwa ihesabu halmashauri zilizotajwa, itajibu kuwa ni sita. Tena, jibu la kwanza lina hitilafu ambayo hata binadamu hawezi kuitatua. Korogwe ina halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya. Aliyeandika "Korogwe" peke yake hajatuambia ni ipi. Hata jina la kata halitoshi kutuokoa, maana kuna Masuguru nyingine wilayani Nanyumbu, mkoani Mtwara.

Dawa ya tatizo hili ni kumpa mwenye kujaza orodha iliyokwisha kufungwa, achague humo na asitunge jibu lake. Wanaotengeneza mifumo ya data wameifanya dawa hiyo kuwa sehemu rasmi ya kazi yao. Makala haya yanakusudia kumweleza mwalimu mtarajiwa jinsi orodha hiyo inavyoandikwa, faida yake, na hatari yake iwapo itatungwa bila uangalifu. Mwishoni tutapendekeza somo linaloweza kufundishwa hata mahali pasipo na kompyuta.

2. Maana ya skima na ya orodha funge

Tovuti inayoonyesha habari za shule huwa na pande mbili. Upande mmoja ni programu iliyo katika simu au kompyuta ya msomaji, nayo huuliza. Upande wa pili ni seva inayotunza data, nayo hujibu. Ili pande hizo zielewane, hapana budi pawepo mapatano yanayosema ni mambo gani yanaweza kuulizwa, na kila jibu litakuwa la aina gani. Mapatano hayo yaliyoandikwa ndiyo yanayoitwa skima.

Lugha moja inayotumika sana kwa kazi hii ni GraphQL. Ilianza kutengenezwa mwaka 2012 ndani ya kampuni ya Facebook, ikatolewa hadharani mwaka 2015. Katika lugha hiyo kila uga, yaani kila nafasi ya kujazwa habari, hupewa aina yake. Umri wa mwanafunzi ni namba kamili. Jina lake ni maandishi. Jibu la swali "Je, anakaa bweni?" ni ndiyo au siyo. Lakini halmashauri yake ni nini? Tukisema ni maandishi, tumerudi kwenye majibu sita ya ubaoni. Kwa sababu hiyo lugha imeweka aina nyingine ambayo thamani zake zote zimetajwa moja moja tangu mwanzo. Katika makala haya tutaiita orodha funge. Ni funge kwa sababu kisichotajwa ndani yake hakipokelewi.

Mwalimu wa Kiswahili hatashangazwa na jambo hili. Ngeli za nomino ni orodha funge. Nomino mpya huingia katika lugha kila mwaka, lakini kila moja hupangwa katika mojawapo ya ngeli zilizopo. Neno "kompyuta" lilipokuja halikuja na ngeli yake. Lilipewa nafasi katika I-ZI likakaa humo. Maneno ni mengi na huongezeka, bali ngeli ni chache na zinajulikana.

3. Jinsi inavyoandikwa

Mkoa wa Tanga una halmashauri 11. Orodha yake huandikwa hivi:

enum Halmashauri {
  BUMBULI
  HANDENI_MJI
  HANDENI_WILAYA
  KILINDI
  KOROGWE_MJI
  KOROGWE_WILAYA
  LUSHOTO
  MKINGA
  MUHEZA
  PANGANI
  TANGA_JIJI
}

Neno la kwanza ni la lugha yenyewe, nalo huiambia kompyuta kuwa kinachofuata ni orodha funge. Neno la pili ni jina tulilolichagua sisi. Baada ya hapo zinafuata thamani ndani ya mabano. Yafaa mwalimu azingatie kanuni hizi:

(a) Thamani huundwa kwa herufi za alfabeti ya kawaida, tarakimu na kistari cha chini tu. Nafasi tupu hairuhusiwi. Ndiyo maana tumeandika KOROGWE_MJI. Kiapostrofi nacho hakiruhusiwi, kwa hiyo NG'OMBE haitapokelewa.

(b) Thamani haianzi kwa tarakimu. DARASA_3 inakubalika, lakini 3_DARASA haikubaliki.

(c) Herufi kubwa na ndogo ni vitu tofauti. Kilindi na KILINDI si thamani moja. Desturi ya wataalamu ni kutumia herufi kubwa pekee, ili pasiwe na shaka.

(d) Thamani moja haitajwi mara mbili katika orodha moja.

Baada ya kuitunga orodha, tunaitumia mahali panapohusika:

type Mwanafunzi {
  jina: String!
  umri: Int
  halmashauri: Halmashauri!
}

Hapa jina ni maandishi, umri ni namba kamili, na halmashauri ni mojawapo ya zile 11. Alama ya mshangao maana yake ni kwamba uga huo lazima uwe na jibu.

4. Jinsi inavyofanya kazi

Chukua mfano wa mwalimu anayetaka majina ya wanafunzi wa Korogwe Mji. Programu yake itapeleka ulizo kama hili:

{
  wanafunzi(halmashauri: KOROGWE_MJI) {
    jina
    umri
  }
}

Angalia kwamba KOROGWE_MJI haikuwekwa ndani ya alama za kunukuu. Alama hizo zingeigeuza kuwa maandishi ya kawaida, na seva ingeikataa.

Tuseme sasa mwalimu amekosea akaandika KOROGWE. Seva hailiendei ghala la data kabisa. Kwanza hulilinganisha ulizo na skima, ikaona kwamba thamani hiyo haimo katika orodha, ikarudisha taarifa ya kosa. Laiti uga ungekuwa wa maandishi, seva ingetafuta neno "Korogwe", isipate kitu, ikarudisha orodha tupu. Mwalimu angedhani kuwa hakuna mwanafunzi hata mmoja. Tofauti hii ni kubwa. Kosa linalojitangaza husahihishwa siku hiyo hiyo, bali kosa linalojifanya jibu huweza kukaa mwaka mzima bila kutambuliwa.

Ulinzi huu hufanya kazi pande zote mbili. Ikiwa ndani ya ghala kuna thamani mbovu iliyoingizwa zamani, seva haitaipitisha kwa msomaji kama kwamba ni halali. Itatoa taarifa ya kosa. Faida nyingine ni kwamba programu inaweza kuiuliza skima yenyewe ina thamani zipi, kisha ikampangia mtumiaji vitufe vya kuchagua. Mtumiaji akipewa vitufe hana nafasi ya kukosea tahajia.

5. Wakati wa kuitumia na wakati wa kuiacha

Mwanafunzi aliyekwisha kuielewa orodha funge hupenda kuitumia kila mahali. Mwalimu hana budi kumzuia. Orodha funge inafaa kwa mambo yenye sifa tatu: thamani zake ni chache, zinajulikana zote, na hazibadiliki mara kwa mara.

Jinsi ya mwanafunzi, ambayo huweza kuandikwa ME au KE, inafaa. Siku za juma zinafaa. Jina la mwanafunzi halifai, kwa kuwa hakuna awezaye kuyataja majina yote. Kata nazo zina shida. Nchini ziko maelfu, nazo hugawanywa na kubadilishwa. Heri ziwekwe ndani ya ghala la data, mahali zinapoweza kuongezwa bila kuigusa skima.

Alama za mtihani zinatupa mfano mzuri wa kutofautisha. Katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, somo limekuwa likisahihishwa kwa alama 50, na alama hizo kupewa madaraja: A ni 41 hadi 50, B ni 31 hadi 40, C ni 21 hadi 30, D ni 11 hadi 20, na E ni 0 hadi 10. Alama 37 ni namba. Tunaweza kuijumlisha na kuitafutia wastani. Daraja B ni thamani ya orodha funge, haijumlishwi. Tena ikumbukwe kwamba lugha ya skima haijui kuwa A ni bora kuliko B. Kwayo A, B, C, D na E ni majina matano tu, hakuna mkubwa wala mdogo. Ubora tunaujua sisi.

6. Orodha inapobadilika

Orodha funge haifungwi milele. Wilaya ya Kilindi, kwa mfano, ilizaliwa mwaka 2002 ilipomegwa kutoka Handeni. Kabla ya mwaka huo mwanafunzi wa Kilindi aliandikwa kuwa wa Handeni, na kumbukumbu zake zilikuwa sahihi kwa wakati wake.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni wa madarasa. Toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 limeelekeza elimu ya msingi iwe ya miaka sita badala ya saba. Mtunzi wa skima mwenye haraka ataifuta DARASA_7 katika orodha, akidhani amefanya kazi njema. Kumbe amezivuruga habari za mamilioni ya Watanzania waliomaliza darasa la saba, pamoja na programu zote zinazoulizia darasa hilo. Wazee wetu waliosoma hadi darasa la nane nao wangetushangaa kwa kuifuta historia yao kwa namna hiyo hiyo.

Njia iliyo salama ni kuiacha thamani mahali pake na kuitia alama ya kuwa imepitwa na wakati:

enum Darasa {
  DARASA_5
  DARASA_6
  DARASA_7 @deprecated(reason: "Mfumo wa zamani wa miaka saba")
}

(Madarasa ya chini yameachwa hapa kwa ajili ya ufupi.) Alama hiyo huwaambia watengenezaji wa programu kwamba thamani isitumiwe katika kazi mpya, na maelezo yaliyofuata hutaja sababu. Kumbukumbu za zamani husomeka kama kawaida.

Kuongeza thamani ni kwepesi kuliko kufuta, lakini nako kuna tahadhari. Programu iliyoandikwa jana haijui thamani iliyoongezwa leo. Ikikutana nayo bila kutayarishwa, huweza kukwama. Kwa hiyo anayeongeza awaarifu wenzake mapema, na anayeandika programu aweke njia ya kupokea thamani asiyoijua.

7. Dhamana ya mtunzi wa orodha

Tumefika sasa katika jambo ambalo kwa mwalimu ni zito kuliko mengine yote. Tumesema kwamba kisichotajwa katika orodha hakipokelewi. Inapohusu tahajia, ukali huo ni faida. Inapohusu mtoto, huweza kuwa dhuluma.

Niliwahi kuona, katika shule moja, fomu ya habari za wanafunzi iliyokuwa na mahali pa ulemavu. Machaguo yalikuwa manne: HAONI, HASIKII, VIUNGO, HANA. Darasani mlikuwa na msichana mwenye ualbino. Alikuwa akiona, lakini kwa shida; akikaa mstari wa nyuma hakuweza kusoma ubao. Mwalimu wake, mtu mwangalifu, alisita kwa muda mrefu. Hakuweza kuandika HAONI, kwa kuwa lingekuwa si kweli. Nafasi ya maelezo haikuwepo. Mwishowe akachagua HANA. Fomu ikajaa vizuri, haikuonyesha kosa lolote, na mtoto yule akatoweka katika hesabu ya wanaohitaji msaada.

Baraza la Mitihani la Tanzania huwatayarishia watahiniwa wenye uoni hafifu karatasi zenye maandishi makubwa. Lakini karatasi hiyo humfikia yule tu aliyeandikwa kuwa anaihitaji. Orodha isiyo na UONI_HAFIFU humnyima mtoto haki ambayo nchi imekwisha kumwekea, wala hakuna mtu aliyekusudia kumnyima. Mwalimu hakukosa. Kosa lilifanywa siku orodha ilipotungwa bila kuwauliza wanaowajua watoto.

Kutokana na mfano huo tunapata maagizo manne kwa kila anayetunga orodha:

(a) Awaulize kwanza watakaoijaza, na ajaribu kuijaza kwa habari za wanafunzi halisi kabla ya kuifunga.

(b) Atofautishe HANA na HAIJAPIMWA. Mtoto ambaye macho yake hayajapimwa hatujui anaona vipi. Kumwandikia HANA ni kusema tusilolijua.

(c) Aruhusu thamani zaidi ya moja inapostahili. Mtoto aweza kuwa na uoni hafifu na pia asisikie vizuri. Katika skima, mabano ya mraba hutumika kuonyesha kwamba uga hupokea thamani nyingi: ulemavu: [AinaYaUlemavu!].

(d) Akiweka thamani NYINGINE, aweke pia uga wa maandishi wa kueleza, na awe na desturi ya kuyasoma maelezo hayo. Ikiwa watu wengi wanachagua NYINGINE na kuandika neno lile lile, neno hilo linastahili kuingizwa katika orodha.

8. Somo la mfano

Somo hili ni la dakika 40, kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi. Halihitaji umeme. Vifaa ni kadi ndogo za karatasi ngumu, kamba moja, na chaki.

Utangulizi (dakika 5). Mwalimu awaombe wanafunzi waandike, bila kutazamana, njia wanayoitumia kufika shuleni. Aandike majibu ubaoni yalivyo: kwa miguu, natembea, miguu, baiskeli, baisikeli, bodaboda, pikipiki. Aulize: "Wanaotembea ni wangapi?" Wanafunzi wataona kuwa hesabu ni ngumu, ingawa jambo lenyewe ni jepesi.

Maarifa mapya (dakika 15). Darasa likubaliane juu ya orodha ya njia hizo, kila njia ikiandikwa kwa neno moja katika kadi. Kadi zitundikwe kwenye kamba. Mwanafunzi mmoja awe "seva" na asimame mbele. Wengine waje mmoja mmoja kutaja njia yao. Neno likiwa miongoni mwa kadi, seva hupokea. Likiwa tofauti hata kidogo, seva husema "Kosa" na kumrudisha.

Kuimarisha maarifa (dakika 10). Mwalimu alete mtoto wa kubuni ambaye huvuka mto kwa mtumbwi. Seva itamkataa. Hapo mwalimu anyamaze kidogo, awaache wanafunzi wenyewe wajadiliane: Je, tumwandikie BAISKELI ili apite? Je, tumwache asihesabiwe? Je, tuongeze kadi? Mjadala huu ndio moyo wa somo, na mwalimu asiufupishe.

Tafakari na tathmini (dakika 10). Kila kikundi kitunge orodha funge ya jambo moja la shuleni, kisha kikabidhi kikundi kingine kitafute mtu au kitu kisicho na nafasi humo.

Kosa ambalo walimu wapya hulifanya katika somo hili ni kuleta kadi zilizokwisha kuandikwa. Wanafunzi hupokea orodha kama amri, wasijue kwamba kuna mtu aliyeitunga na kwamba angeweza kuitunga vingine. Kadi ziandikwe na wao wenyewe mbele ya darasa.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba orodha funge huondoa utata, huzuia makosa ya tahajia, na humfanya mwenye kosa alijue kosa lake mapema. Tumeona pia kwamba haifai kwa mambo yasiyo na idadi, na kwamba thamani ya zamani haifutwi ovyo. Lakini zaidi ya hayo tumeona kuwa orodha huwahesabu wale tu ambao mtunzi wake aliwakumbuka. Walimu wengi hawatatunga skima, lakini kila mwalimu atajaza fomu zilizotokana nazo. Siku atakapomkuta mtoto asiye na nafasi katika fomu, asimsogeze katika nafasi isiyo yake. Aandike barua kwa wanaohusika, aeleze ni thamani gani inayokosekana.

Mazoezi kwa wanachuo

1. Andika orodha funge ya sababu za utoro katika shule uliyofanyia mazoezi ya kufundisha. Ionyeshe kwa mwalimu wa zamu wa shule hiyo, kisha uisahihishe.

2. Eleza kwa nini tarehe ya kuzaliwa isiwe orodha funge, lakini mwezi wa kuzaliwa waweza kuwa.

3. Chukua fomu yoyote inayotumika shuleni. Taja mtoto mmoja, wa kweli au wa kubuni, ambaye fomu hiyo haimpi nafasi.